Mama wa Bulaya na Maji ya Baba

Ukitaka kumsikia akisifiwa, nenda misioni ya Kasongo ukawaulize wazee wanaokaa benchi za mbele. Watakuambia alikuwa mama wa mfano, mtu wa sala, mtu wa wagonjwa. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta siku zile za Wabelgiji, na sina kazi ya kumpamba. Jina lake la ubatizo naliacha lilale. Kwetu aliitwa Mama wa Bulaya, kwa sababu alifika Bulaya kweli, huko Ulaya kwa wazungu, na mtaani kwetu hakukuwa na mwanamke mwingine aliyevuka hata ziwa. Aliitika jina hilo kwa furaha, wala hakuificha.

Salamu yake ilikuwa moja. Sisi wengine tunaulizana habari za nyumba, za watoto, za shamba. Yeye aliuliza, "Umesali?" Umebeba mtungi asubuhi, shingo inauma, unakutana naye kwenye njia ya mtoni: "Umesali?" Ukisema ndiyo, anataka kujua sala gani. Ukisema hapana, anasimama palepale na kukuombea kwa sauti, mtungi bado uko kichwani. Mama yangu alikuwa akipita njia ya nyuma, kwenye miiba, ili asiombewe.

Bulaya alikwenda kama yaya. Mzungu mmoja wa mambo ya kilimo, Bwana Agronomu, alikuwa na watoto wawili waliozaliwa Kasongo na waliomzoea yeye kuliko mama yao. Likizo ndefu ilipofika, Madamu akasema hawezi kukaa melini siku zote zile na watoto wanaolia, wakamchukua. Huko bwana akaugua, safari ya kurudi ikaahirishwa na kuahirishwa tena, na Mama wa Bulaya akakaa miaka mitatu. Alirudi na familia nyingine iliyokuwa inakuja Kongo, akiwa na mwavuli mweusi, viatu vya kamba na koti zito la sufu. Koti lile alilivaa misa ya Pasaka, jua likiwaka, jasho likimdondokea mpaka kwenye kitabu cha nyimbo. Kanisani hakuna aliyethubutu kucheka. Tulicheka njiani.

Tangu hapo kila alichosema kilianza na "Kule Bulaya". Kule Bulaya watu hawatemi mate chini. Kule Bulaya mvua inanyesha polepole. Lakini ukimwuliza mji ulikuwa wa namna gani, au watu wake wanaishije, hakuwa na la kukupa. Alichokiona kwa miaka mitatu ni jiko, chumba cha watoto, na kanisa ambako alikaa benchi la mwisho. Siku moja mjomba wangu, ambaye alipenda kumchokoza, alimwuliza:

"Na wale wazungu, walikukaribisha ku meza?"

Akafikiri kidogo. "Kule Bulaya watu hawana tabia ya kukaribisha," akasema.

Mjomba aliirudia kauli hiyo kwenye kila pombe mpaka alipokufa.

Sasa kuna jambo ambalo wazee wa benchi za mbele hawalisemi. Alikuwa na mtoto, binti wa pekee, Monika. Mumewe alikwisha kufa kwa homa akichimba dhahabu upande wa Salamabila. Siku aliyoondoka kwenda Bulaya Monika alikuwa na miaka miwili, na alimleta kwetu. Mama yangu alikuwa mke wa pili wa baba. Majuma machache kabla ya hapo alikuwa amezika kitoto cha kiume, na maziwa yalikuwa bado yanamsumbua.

"Unishikie mutoto paka nirudie," Mama wa Bulaya alisema.

"Unarudia lini?"

"Mungu njo anajua."

Mama alimchukua Monika, akamfunga mgongoni, na kwa miaka mitatu alimwogesha, akamtibu minyoo, akamfundisha kutembea na kikapu kichwani. Monika alimwita mama. Hakuna aliyemfundisha kumwita vile, lakini nani mwingine angemwita mama?

Kutoka Bulaya zilikuja barua mbili. Zote ziliandikwa na Madamu, na katekista alitusomea uani. Monika asali. Monika awe mtii. Monika asicheze na watoto wa wapagani. Watoto wa wapagani nilikuwa mimi, na katekista alilijua hilo, akakohoa akaruka mstari mmoja. Ndani ya barua kulikuwa na picha ndogo za watakatifu zenye kingo za dhahabu. Hakukuwa na kitambaa hata cha gauni moja, na Monika wakati ule alikuwa anatembea matako wazi. Mama alizibandika picha zile ukutani kwa uji wa muhogo. Mende wakala uji, wakala na watakatifu.

Aliporudi, Monika alijificha nyuma ya kikwembe alichojifunga mama yangu. Alichukuliwa kwa nguvu nyumba ya pili, akafundishwa ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia na kofi kwa mkono wa kushoto, na kila jioni alivuka ua akarudi kulala kwetu. Ukutani kwake Mama wa Bulaya alitundika picha ya wale watoto wawili wa kizungu katika fremu ya kioo. Aliwaita kwa majina na kuwalilia. Nilimwona akiwalilia mara nyingi, na Monika sikumwona akimlilia hata siku moja. Nilimdharau kwa hilo tangu nikiwa mdogo, na dharau yangu ilinitosha, sikutafuta kujua zaidi.

Alikuwa hivyo katika mengi. Alimsema mganga wa kienyeji kila Jumapili, na magoti yake yakimuuma alimtuma Monika kwa mganga huyohuyo kuleta mizizi, kisha akaibariki mizizi kwa maji ya baraka kabla ya kuichemsha. Alihubiri unyenyekevu akaenda mtoni na viatu. Kengele ya adhuhuri ikilia alipiga magoti popote alipo, hata katikati ya barabara. Siku moja kamio, lori la kubeba pamba, ilibidi isimame na dereva azime moto mpaka amalize. Dereva alivua kofia. Baadaye alituambia aliogopa kumpigia honi mtu anayeongea na Mungu, asije akaharibikiwa njiani.

Nitasema na lile moja jema, nisije nikaitwa mwongo. Hakuogopa wagonjwa. Mtu mwenye vidonda vinavyonuka, ambaye watoto wake mwenyewe walimwekea chakula mlangoni na kukimbia, Mama wa Bulaya aliingia, akamgeuza, akamwosha, akatoka na matambara kuyafua. Alifanya hivyo bila kufunika pua. Nilimwona kwa macho yangu. Ila alikuwa na sababu yake, na sababu ile ndiyo iliyotuvunjia nyumba.

Mapadri walikuwa wamewafundisha Wakristo kwamba mtu akiwa kufani na padri yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Unamimina maji kichwani, unasema maneno, basi, roho imepona. Wengine walijifunza somo hilo wakalisahau. Mama wa Bulaya alilifanya kazi. Alitembea na chupa ndogo kwenye pindo la kikwembe. Aliposikia mtu yu mahututi, mtu wa misioni au wa msikiti au asiye wa popote, alifika kabla ya shemeji na wajomba, akawasukuma nje kwa kisingizio cha kumfuta mgonjwa jasho. Akitoka, mgonjwa alikuwa na jina jipya, jina la mtakatifu wa siku hiyo. Wengi walikufa bila kujua. Tuliwazika kwa majina yao, naye pembeni akawaombea kwa majina mengine.

Baba yangu hakuwa mtu wa msikiti wala wa misioni. Ndugu zake walikuwa Waislamu, yeye alipenda wali wa Idi na ngoma ya Noeli kwa usawa. Mwaka huo wakati wa mvua alishikwa na tumbo la damu. Munganga wa dispanseri, mtu wa dawa za kizungu, alimtazama, akamwambia mama mkubwa, mke wa kwanza, kwamba Jumapili hataiona. Mama mkubwa na mama yangu walikwenda kutafuta dawa ng'ambo ya mto, mimi nikaachwa na baba. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mama wa Bulaya akaingia.

"Enda uniletee moto kwa jirani," akaniambia.

Nikaenda. Niliporudi na kaa kwenye kigae alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, chupa iko tupu. "Baba yako iko Polikarpo sasa," akasema. Nilidhani ni jina la ugonjwa.

Jumapili baba aliiona. Aliiona na iliyofuata pia. Damu ilikatika, akaomba uji, akaomba tumbaku, na mtu aliyeponea chupuchupu namna ile anataka kujua ni nini kilichomponya. Mama wa Bulaya alikuwa tayari na jibu. Alilisema nyumbani, alilisema sokoni, akalipeleka misioni. Padri akaja na baiskeli. Alikuwa mzungu wa makamo, mpole, mwenye ndevu zilizomfika kifuani, na Kiswahili chake tulikielewa vizuri. Alikaa kwenye kiti chetu kimoja, akamwita Mama wa Bulaya mbele yetu wote.

"Ulimimina maji kichwani mwake?"

"Ndiyo, Mupe," akajibu, ndivyo walivyowaita mapadri.

"Ukasema maneno yote, wakati maji yanaanguka?"

"Yote, Mupe."

Akatueleza kwamba mtu habatizwi mara mbili. Kama maji yalimfikia, kazi imekwisha, bado mafundisho, chumvi na mafuta. Baba akaenda kwenye mafundisho. Alipenda kuitwa Polikarpo, ingawa mjomba alimwita Kalipo. Akatiwa chumvi, akapakwa mafuta, maji hakumwagiwa. Halafu padri akamwambia kwa upole uleule kwamba Mkristo ana mke mmoja, na mke ni yule wa kwanza.

Siku tatu baba alishinda barazani akivuta tumbaku. Mama mkubwa, ambaye kwa haki hakuliomba jambo hili, alitupikia sote na hakula. Siku ya nne baba alimwita mama yangu uani.

"Si miye ninakufukuza," akasema. "Ni maji ile."

Mama akajifunga kikwembe upya. "Sawa," akasema. "Na mutu atagombana na maji namna gani?"

Watoto ni wa baba, kwa hiyo mimi nilibaki. Mama alifunga vitu vyake katika kikapu kimoja ili arudi kwao Wamaza kwa miguu. Mama wa Bulaya alikuja kumuaga. Alikuja kweli, na viatu vyake.

"Usiache kusali," akamwambia.

"Miaka tatu nilikulishia mutoto," mama akasema.

"Mungu atakulipa."

"Mungu hakuniachia mutoto. Ni weye uliniachia."

Mama akaondoka. Mimi niliganda mlangoni, lakini Monika alimfuata. Alikuwa na miaka sita. Alimfuata analia mpaka mtoni, na mama yake akamfuata naye, akamchomoa kwenye kikwembe cha mama yangu kidole kwa kidole, akamrudisha amembeba kifuani, mtoto anapiga mateke. Watu walisema, tazama anavyompenda mwanawe. Niliwasikia wakisema hivyo nikatamani kuwatemea mate, kule Bulaya au hapa.

Kabla mwaka haujaisha Monika alikuwa anamwita Mama wa Bulaya mama.

Mimi nilimwona mama yangu kila kiangazi, baba akiniruhusu. Hakuolewa tena. Alilima mpunga, akafuga bata, na baada ya miaka michache akaenda mwenyewe kwa katekista wa Wamaza kujifunza sala. Nilikasirika. Akaniambia, "Kama Mungu njo alinitosha mu nyumba yangu, heri nimujue." Hivyo ndivyo alivyolibeba jambo lile. Alikuwa ametolewa na Mungu, si na mtu, na hilo lilimsaidia kulala.

Miaka ikaenda. Niliolewa Kabambare, na Monika naye akaolewa Kabambare, mtaa wa pili, na mwalimu wa shule ya misioni. Baba akafa. Akazikwa Kasongo penye misalaba, mama mkubwa akakaa ujane mbele ya watu, na mama yangu hakuitwa. Hata mkeka wa wafiwa hakuukalia. Alikaa matanga peke yake Wamaza, na bata zake.

Mwezi mmoja baadaye nikasikia Mama wa Bulaya amekuja Kabambare kwa binti yake, magoti yamekwisha, haondoki tena. Ilikuwa ni aibu nisiende kumwamkia. Nikaenda baada ya chakula cha mchana. Monika alikuwa shambani. Nilimkuta mzee yule barazani, amekaa kigodani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa amekonda sana. Hakuniuliza kama nimesali.

Tuliongea mambo ya njiani na ya mvua. Kisha akaniuliza, "Baba yako, mbele ya kufa, alisema nini?"

"Alisema haogopi. Alisema iko na maji ya kichwa."

Mikono yake ikasimama kwenye mchele. Nilidhani anasali.

"Haikumufikia," akasema.

"Nini?"

"Maji. Nilianza kumimina, baba yako akasukuma chupa na mukono. Ikamwangika yote mu mukeka. Kichwa ilibakia mukavu. Maneno nilisema, lakini nilisema juu ya mukeka."

Nilimwuliza kwa nini hakuchota mengine. Akasema alitaka kwenda kuchota, akanisikia narudi na moto, akaona haya. Akafikiri atarudi jioni. Jioni baba alikuwa amefumbua macho.

"Na Mupe alipokuuliza?"

Hakunitazama. "Siku ile Mupe ananiuliza, Monika alikuwa mu mapaja ya mama yako. Analala. Miezi kumi nilikuwa nimerudi. Miezi kumi mutoto wangu ananisalimia kama mugeni, anakunja magoti, anarudi kwa mama yako. Kule Bulaya nililea wale watoto wawili, wakazoea kuniita mama. Siku ya kuniaga, mama yao aliwaambia waniite na jina yangu. Wakaniita na jina yangu. Nikasema, bado iko mumoja yangu. Nikamwambia Mupe ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo kumchukia mpumbavu. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyejua alichokuwa anafanya. Mama yangu alifukuzwa kwa ajili ya mkeka ulioloa. Na mwanamke huyu, kwa imani yake mwenyewe, alimdanganya padri, akapokea komunyo kila Jumapili juu ya uongo ule, akijua anakokwenda mtu anayefanya hivyo. Alikubali moto wa milele ili mtoto amwite mama. Nilimdharau, na bado namdharau, lakini siku ile dharau ilinikaa vibaya kinywani.

"Ulimwambia padri yeyote?"

"Ninakuambia weye."

"Miye si padri. Nitamwambia mama."

"Umwambie." Akarudi kwenye mchele. "Monika usimwambie."

Hata wakati ule. Alikuwa radhi Mungu ajue, mama yangu ajue, mimi nijue, ila si Monika. Nilinyanyuka kabla sijasema neno ambalo ningelijutia mbele ya mtu mzima.

Hapo Monika akaingia uani na mzigo wa kuni. Akaushusha, akanikumbatia, akafuta jasho, na swali lake la kwanza lilikuwa lile analoniuliza kila tukionana.

"Mama yetu wa Wamaza, hajambo?"

Nyuma yangu ungo ulitua chini. Nilijua ananitazama mdomo. Siri yote nilikuwa nayo pale kwenye ulimi, na haki ilikuwa yangu, na nilimwacha angoje. Kisha nikasema, "Hajambo. Ninaenda kwake kesho."

"Nitakuja kukuaga asubuhi," Monika akasema. Mumewe alikuwa na wageni, watoto walikuwa na kikohozi, hakuwa na nafasi ya safari.

Hatari ilikuwa imekwisha, imempita mzee. Angeweza kuinama tena kwenye mchele wake.

"Monika," Mama wa Bulaya akasema. "Kuja ukae hapa karibu. Iko neno ya mama yako wa Wamaza."

Nikatoka nje ya ua, kwa sababu hayo hayakuwa maneno yangu kuyasikiliza. Nilisimama barabarani kwenye jua. Sauti ya mzee ilisikika kidogo kidogo, bila maneno, ikikatika na kuanza tena. Sauti ya Monika sikuisikia kabisa. Jirani mmoja alipita akaniuliza namngojea nani.

Monika alipotoka alikuwa amevaa kikwembe cha safari na mtoto mdogo amefungwa mgongoni. Hakuwa analia. Nilimwambia kamio ya mpunga inaondoka kesho asubuhi, tungoje.

"Hapana, tuende na miguu," akasema, akanishika mkono. "Tuende kwa mama."

Alilisema kwa sauti, mlango wa ua ukiwa wazi. Aliyekuwa ndani alisikia, na hakuitika.